Kitabu cha Zamani, Jalada Jipya: Nani Alikisoma Kabla ya Kukichapisha?

Ukipita kando ya barabara za katikati ya mji, Kisumu au Nakuru, utaona rundo la vitabu ambalo sura yake imebadilika. Zamani muuza vitabu vya mtumba alitandaza riwaya zilizokunjika pembe, majarida ya miaka mingi na vitabu vya kiada vyenye mihuri ya shule. Leo katikati ya rundo hilo kuna vitabu vinavyong'aa kama vimetoka kiwandani jana, ilhali waandishi wake walikufa karne moja au mbili zilizopita: falsafa ya elimu, hisabati iliyozaa kompyuta, historia ya Wayahudi, maandishi ya maafisa wa kikoloni kuhusu jamii zetu. Karatasi ni nyeupe, jalada lina picha ya machweo isiyohusiana na chochote kilichomo ndani, na jina la mchapishaji ama halipo ama ni la kampuni isiyo na anwani. Watu wamegawanyika kuvihusu. Wapo wanaosema ni feki, na kwamba askari wakija kunasa vitabu haramu wavizoe vyote. Wapo pia wanaovishangilia kwamba hatimaye hekima ya dunia imeshuka hadi bei ya sahani ya samaki.

Naona pande zote mbili zimeshika swali lisilo lenyewe. Vitabu vingi kati ya hivi ni halali kabisa, na bado vingi havifai kununuliwa. Kuchapisha upya hakuna ubaya wowote. Ubaya uko katika kuchapisha bila kusoma. Na kwa kuwa baadhi yake vinatuhusu sisi tunaoishi kati ya Bonde la Ufa na ziwa, kazi ya kuvisoma, kuvisahihisha na kuvitolea maelezo inatuangukia sisi, na tumekuwa tukiikwepa.

Tuanze na sheria, maana ndiko kelele nyingi zinakotoka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi ya mwandishi maisha yake yote, na miaka 50 zaidi baada ya kumalizika kwa mwaka aliofariki. Muda huo ukiisha, kazi inakuwa mali ya umma, na yeyote anaweza kuichapisha, kuitafsiri na kuiuza. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 2025. Vitabu vyake basi vinalindwa hapa nchini hadi mwisho wa 2075, na anayevitoa kopi leo bila idhini anaiibia familia yake na wachapishaji wake, sina neno la kumtetea. Lakini John Dewey, mwanafalsafa wa elimu, alifariki 1952. Alan Turing, ambaye kompyuta zote zinamdai shukrani, alifariki 1954. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa hesabu ya sheria yetu, ulinzi wa kazi zao ndani ya Kenya uliisha mwaka wa 2002, 2004 na 2012. Nchi nyingine zina hesabu zao: Uingereza, kwa mfano, huhesabu miaka 70, kwa hiyo kitabu kilicho huru Kisumu kinaweza kuwa bado kimefungwa London. Pia utangulizi mpya, tafsiri mpya na maelezo mapya huwa na hakimiliki yake hata kama shairi lenyewe ni la miaka mia mbili. Mwenye kuuza Dewey kando ya barabara hajamwibia mtu. Ukimtia kapu moja na mwizi wa vitabu vya kiada, utakuwa umemwonea yeye na kumfichia mwizi uso.

Shida halisi inaanzia mahali pengine, na kuielewa inabidi tujue jinsi vitabu hivi vinavyopatikana. Kuanzia 2004 kampuni ya Google iliingia katika maktaba kubwa za Marekani na Ulaya na kuskani mamilioni ya vitabu. Programu husoma picha ya ukurasa na kubahatisha herufi zake, moja baada ya nyingine. Wapo wafanyabiashara waliochukua matokeo hayo jinsi yalivyo, wakayavika jalada na kuyatangaza kwa maelfu. Kitabu hakichapishwi hadi mtu akiagize, na hapo mashine hutoa nakala moja. Inawezekana kabisa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pasiwe na mwanadamu hata mmoja aliyesoma ukurasa hata mmoja. Lakini teknolojia hailazimishi hivyo. Mradi wa Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka wa 1971, umeweka kazi kubwa ya vitabu vyake mikononi mwa watu wa kujitolea wanaosoma prufu ukurasa kwa ukurasa, wakilinganisha maandishi na picha. Tofauti ya kazi hizo mbili ni macho ya mtu.

Nililiona hilo kwa karibu mwaka jana nilipomnunulia mpwa wangu, anayesomea kompyuta, kitabu cha George Boole cha 1854 kuhusu kanuni za kufikiri. Boole alikuwa mwana wa fundi viatu wa Lincoln, Uingereza, aliyejisomea hisabati mwenyewe na kuishia kuwa profesa huko Cork, Ireland. Alionyesha kwamba mantiki ya ndiyo na siyo inaweza kuandikwa kwa aljebra, na moyo wa hoja yake ni mlinganyo mfupi: x(1 − x) = 0. Jaribu namba yoyote na utaona ni mbili tu zinazoukubali, sifuri na moja. Kwa maneno ya kawaida, unasema kwamba kitu hakiwezi kuwa ng'ombe na papo hapo kisiwe ng'ombe. Ni hizo sifuri na moja ambazo karne moja baadaye zilikuja kuendesha saketi za kompyuta. Katika nakala niliyonunua, mlinganyo huo ulichapishwa hivi: x (i - x) = o. Herufi i imekaa mahali pa moja, na herufi o mahali pa sifuri. Kurasa chache mbele, tanbihi zilikuwa zimemwagika katikati ya aya kama maji ya mtaro uliojaa. Profesa angeziba mapengo hayo kichwani bila shida. Kijana wa mwaka wa kwanza hawezi. Atadhani i ni kitu kipya ambacho yeye hajafundishwa, atajiona mjinga na atakifunga kitabu.

Makosa ya herufi, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya hasara. Kinachoniuma zaidi ni vile vitabu ambavyo herufi zake ziko sawa lakini vimetufikia bila mtu wa kuvieleza. Chukua maandishi ya historia ya Wayahudi ya mwanzo wa karne iliyopita, ambayo huchapishwa upya sana. Humo utakutana na sura inayoitwa Mpango wa Uganda. Mwaka wa 1903, miezi michache baada ya Wayahudi kuuawa katika ghasia za Kishinev, mji wa himaya ya Urusi wakati huo, serikali ya Uingereza chini ya waziri wake wa makoloni, Joseph Chamberlain, iliipa harakati ya Wazayuni ya Theodor Herzl, iliyokuwa ikiwatafutia Wayahudi nchi yao, ahadi ya ardhi Afrika Mashariki kwa ajili ya makazi. Kongamano la Sita la Wazayuni, lililokutana Basel, Uswisi, Agosti mwaka huo, liligawanyika vibaya, watu wakalia ukumbini, na kura 295 dhidi ya 178 zikaamua tume itumwe kuikagua ardhi. Herzl alifariki Julai 1904 bila kuiona tume ikisafiri. Mapema 1905 watu watatu, Meja Gibbons wa Uingereza, Alfred Kaiser wa Uswisi na mhandisi Nahum Wilbusch kutoka Urusi, walipanda reli hadi Nakuru, na kutoka hapo wakakwea na msafara hadi nyanda za juu. Hawakukubaliana kuhusu walichokiona. Ripoti yao ilichapishwa London mwaka huo huo, na Kongamano la Saba likaikataa ardhi hiyo.

Sasa fikiria msomaji wa Kisumu anayeifikia sura hiyo katika kitabu kisicho na tanbihi. Anasoma Uganda, anajisemea hayo ni ya majirani, anafunua ukurasa. Hakuna wa kumwambia kwamba nyanda hizo ni Uasin Gishu, na kwamba akipanda matatu asubuhi anakula chakula cha mchana juu yake, Eldoret. Hakuna wa kumwambia kwa nini zinaitwa Uganda: Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa Kenya ya leo mnamo Aprili 1902, na jina la zamani likabaki midomoni mwa watu. Kisumu yenyewe ilikuwa ndani ya mkoa huo. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901 ilikuwa imefika Uganda. Wala haambiwi kwamba ardhi iliyokuwa ikipigiwa kura Basel ilibeba jina la Wamaasai wa Uasin Gishu, waliovunjwa na vita vya karne ya 19, na kwamba Wanandi walikuwa wakilisha ng'ombe wao humo. Wala kwamba miaka mitatu baada ya tume kuondoka, mwaka wa 1908, Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg walikwea kutoka Nakuru hiyo hiyo na mabehewa yao, wakagawiwa mashamba yaliyopewa namba, na shamba namba 64 likaja kuwa Eldoret. Wazee wa huko bado huuita mji huo Sisibo, kutokana na namba hiyo kwa Kiingereza. Tanbihi ya mistari minane ingetosha. Msomaji angeona kwamba historia ya watu waliokuwa wakitafuta pa kukimbilia na historia ya watu waliokuwa karibu kunyang'anywa zilikutana juu ya kilima anachokijua. Bila mistari hiyo minane, Mwisraeli atalijua jina la Uasin Gishu kuliko mtu wa Uasin Gishu.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu inakuja hapa, na siwezi kuiruka. Wapo wasomi wanaosema: vitabu vya maafisa wa kikoloni viachwe vife. Vilikusanywa kwa nguvu ya bunduki, vinatuita makabila ya kushangaza, na kuvichapisha upya ni kuipa hadhi dharau ile. Mfano mzuri ni kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi, lugha yao na ngano zao, kilichotoka Oxford mwaka wa 1909 na utangulizi wa Sir Charles Eliot, aliyekuwa kamishna wa Waingereza katika nchi hii. Angalia tarehe. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905 alipokwenda kuonana na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, kwa mazungumzo ya amani. Yaani hadithi, methali na vitendawili vya Wanandi vilichapishwa miaka minne tu baada ya damu ya kiongozi wao kumwagika, na aliyevichapisha ni ofisa wa serikali ile ile. Anayenunua nakala mpya leo hapati neno kuhusu hilo. Anapata Wanandi waliotulia, wenye desturi za kupendeza, kana kwamba hapakuwa na vita, hapakuwa na ng'ombe walioporwa kwa maelfu, hapakuwa na watu waliohamishwa kwa lazima.

Nakubali kila neno la malalamiko hayo isipokuwa hitimisho lake. Kitabu kile hakitakufa kwa sababu sisi tumekikataa. Hollis alifariki 1961, hakimiliki yake hapa nchini ilikwisha 2011, Marekani iko huru kwa kuwa ni kitabu cha 1909, na tayari kinachapishwa na watu wasioweza kuionyesha Kapsabet kwenye ramani. Tukijitoa, linalobaki ni toleo lao peke yake. Halafu ndani yake mna sauti za Wanandi wenyewe, kwa Kinandi, zilizoandikwa wakati ambapo wazee waliozisema walikuwa wamezaliwa kabla ya Mzungu kukanyaga huko. Hollis aliishika kalamu tu, hadithi hazikuwa zake. Na hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa mali ya umma hawapendi kulisikia: tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, ambayo inaitaka biashara ipate idhini ya jamii kabla ya kuyatumia. Hakimiliki ya Hollis imekwisha, lakini haki ya jamii haikuzikwa pamoja naye. Toleo ambalo ningependa kuliona limehaririwa na mjuzi wa Kinandi, lina dibaji inayoanza na Koitalel, limetengenezwa kwa idhini ya jamii, na sehemu ya mapato yake inarudi huko. Toleo la namna hiyo ndilo lingeishusha hadhi ile dharau, kwa sababu lingeiweka wazi pale pale ilipoandikwa.

Kuna wanaosema yote yako kwenye simu, kwa nini tuhangaike na karatasi. Wana haki kwa upande wa mtafiti. Mimi mwenyewe nilizihakiki nakala kwa kutazama picha za matoleo ya awali kwenye intaneti, bila kulipa chochote ila bando. Lakini darasa la watoto 50 haliwezi kusoma kitabu cha kurasa 300 kwenye simu ya mwalimu, na kitabu kilicho huru mtandaoni bila dibaji kina upofu ule ule wa kile cha barabarani. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema bora kitabu kibovu kuliko kukosa kitabu. Inasemwa kwa huruma, lakini anayeisema hampelekei mwanawe kitabu hicho. Kitabu kibovu cha kiada hurudishwa, kelele hupigwa. Kwa nini cha hiari, ambacho mtoto wa maskini amekinunua kwa akiba yake mwenyewe ili ajiendeleze, kiruhusiwe kumdanganya?

Upande wa elimu nina haraka nao zaidi, maana jambo liko mezani. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu Januari 2026, wakielekezwa katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Wazazi wengi wana hofu ambayo hawaipatii jina, kwamba njia fulani ni ya wakubwa na nyingine ni ya kuwaweka watoto wao pembeni. Hofu hiyo ina mizizi, na mizizi yake imeandikwa. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, kutoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki mwaka wa 1924, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Ripoti yake ilipendekeza elimu iliyofungamana na maisha ya Mwafrika: kilimo, afya, kazi za mikono. Yapo mengi ya busara humo, na upo pia msimamo kwamba Mwafrika afundishwe kulingana na mahali alikokusudiwa kukaa. Isome sambamba na kitabu cha Dewey cha 1916 kuhusu demokrasia na elimu. Dewey naye anataka mtoto ajifunze kwa kutenda, lakini anaonya vikali dhidi ya shule inayomwandaa mtoto kwa nafasi aliyokwisha kupangiwa na wengine. Kutenda ni kule kule, nia haifanani. Mzazi wa Vihiga au Njoro aliyesoma hayo mawili angekwenda kwenye mkutano wa shule na maswali makali kuliko manung'uniko. Hicho ndicho kitabu cha zamani kinachofaa kuchapishwa upya, na hakuna anayekichapisha hapa.

Tusiseme hatuna uwezo, kwa sababu umewahi kuonekana. Asenath Bole Odaga alianzisha kampuni ya uchapishaji Kisumu katika miaka ya 1980 na kutoa vitabu kwa Kijaluo na Kiingereza bila kungoja Nairobi. Kitabu cha Paul Mboya kuhusu mila za Wajaluo, cha 1938, kimewahi kuchapishwa upya Kisumu na kusomwa na watu ambao hawajawahi kuingia chuo kikuu. Leo mashine za dijitali zilizoko mijini mwetu zinaweza kutoa nakala 50 kwa bei ambayo zamani ingehitaji nakala 2,000 ili ifikiwe. Penye miti, wahenga walisema, hapana wajenzi. Maseno, Egerton, Masinde Muliro na Moi zote zina walimu wa historia na wa lugha, na kila mwaka wanafunzi wa uzamili huandika tasnifu zinazokwenda kukaa kabatini. Kuhariri maandishi ya zamani, kuyalinganisha na asili, kuyaandikia tanbihi na dibaji, ni kazi ya kitaaluma inayostahili shahada. Katika vyuo vingi vya dunia inahesabiwa hivyo.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya wahariri. Tangu sheria ya kodi ya VAT ya 2013, vitabu vimetozwa asilimia 16, na anayechapa nakala 50 huhisi uzito huo kuliko kampuni kubwa. Mwaka wa 2018 Wizara ya Elimu ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Watoto wengi walipata vitabu, hilo ni jema, lakini maduka ya vitabu ya miji kama yetu yaliyokuwa yakiishi kwa biashara ya Januari yalinyauka, na pamoja nayo ikaondoka rafu ambayo kitabu kisicho cha mtihani kingepata kukaa. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba chini ya kaunti. Kaunti inaweza kuahidi mapema kwamba kila toleo lililohaririwa vizuri, kuhusu eneo hili au kwa matumizi ya shule za eneo hili, itanunua nakala kadhaa kwa maktaba zake. Ahadi kama hiyo ingemtosha mchapishaji mdogo aliyeko Nakuru kumlipa mhariri kabla ya kumlipa fundi wa mashine.

Kwa muuza vitabu wa kando ya barabara sina lawama. Yeye huuza alicholetewa. Ningemshauri msomaji afungue ukurasa wa hakimiliki kabla ya kulipa: kama hapana mwaka wa toleo la kwanza, hapana jina la mhariri, hapana dibaji inayosema maandishi yametoka wapi, akirudishe kwenye rundo hata kama ni shilingi 300.

Nakala ya Boole sikuirudisha, ila kwa sababu mpwa wangu alikataa kuiachia. Alitafuta picha za toleo la 1854 kwenye simu, akachukua penseli, akaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Kila i iliyokaa mahali pa moja ameikata na kuandika 1 juu yake, kila o ameifanya sifuri, na tanbihi zilizomwagika amezizungushia duara na kuchora mshale hadi chini ya ukurasa. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa amefika sura ya sita. Rafiki zake wawili wa darasani walikuwa wameomba watoe fotokopi ya kurasa alizokwisha kuzisahihisha.